Mgema Akisifiwa



Wahenga walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa ajili ya neno hili baadhi ya wazee wetu hapa Chumbageni hustaajabu wakisikia ya kuwa hospitali fulani yatafuta cheti, au nyota, au heshima ya namna yoyote, ili watu wajue ya kuwa wauguzi wake ni hodari. Husema: Nyumba ya kuwahurumia wagonjwa yahitajije kupigiwa ngoma? Ikiwa yauguza vema, wagonjwa watasema wenyewe. Na ikiwa yauguza vibaya, karatasi iliyotundikwa ukutani haitamponya mtu. Swali hili si dogo, wala hatutaki kulijibu kwa haraka. Maana ndani yake mna maswali mawili. La kwanza, je, ni haki kazi ya huruma itafute sifa? La pili, sifa ikiisha kupatikana, ni kitu gani kitakachoizuia isigeuke kuwa majivuno matupu?

Tuanze na methali yenyewe. Chema chajiuza sokoni. Pale mnunuzi huja kwa miguu yake, ana macho ya kutazama na mikono ya kugeuza samaki. Asipopendezwa huenda meza ya pili. Lakini mgonjwa si mnunuzi. Sisi wakaaji wa mji huu, mtu wetu akizidiwa usiku twampeleka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Naye aliye mbali mashambani hupelekwa po pote palipo karibu, kwa gari au kwa pikipiki, hali hana nguvu ya kuuliza ni wapi panapouguzwa vizuri zaidi. Tena hata akiisha kulazwa hawezi kupima anachopewa. Hajui kama dawa iliyomo katika sindano ni ya kadiri iliyoandikwa. Hajui kama mikono iliyofunga kidonda chake ilinawiwa kwanza. Hajui kama dawa ya saa nane za usiku ililetwa kwa wakati wake.

Na wako walio wanyonge kuliko huyo. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa katika utumwa ilipata baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo yaendelea na kazi hiyo. Mgonjwa wa akili akisema, Nimetendewa vibaya, ni wangapi watakaomsadiki? Na mtoto mchanga asiyeweza kusema neno, ni nani atakayemwombea ushuhuda? Basi asiyeweza kupima ahitaji mtu mwingine ampimie. Cheti kilicho cha kweli si ngoma ya kujisifu. Ni ushuhuda wa watu waliokwenda kutazama kwa niaba ya yule asiyeweza kutazama. Kwa sababu hiyo twaona ya kuwa hospitali haikosi adabu ikitaka kupimwa. Bali yafaa tuiogope ile isiyotaka.

Wala kupima uuguzi si jambo geni lililozuliwa juzi. Mwaka 1836, huko Kaiserswerth katika nchi ya Ujerumani, mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya kuwafundisha wanawake kazi ya diakonia, yaani kuwauguza wagonjwa na kuwasaidia maskini. Mwaka 1851 alifika kwao binti Mwingereza, Florence Nightingale, akakaa nao akijifunza. Miaka mitatu baadaye alikwenda kuwauguza askari wa vita vya Crimea katika hospitali ya Scutari. Watu wengi wamkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akipita kati ya vitanda, na kumbukumbu hiyo ni njema. Lakini huyu bibi alifanya na kazi nyingine isiyoimbwa sana: alihesabu. Alipanga hesabu za waliokufa na sababu za vifo vyao, akawaonyesha wakubwa wa serikali ya kwao ya kuwa askari waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Na mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyoanzishwa kwa jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Basi tangu mwanzo wa uuguzi wa siku hizi, taa na hesabu zilikwenda pamoja. Atakaye kuishika taa na kuitupa hesabu ameshika nusu ya kazi.

Sasa tutazame jinsi hospitali zinavyopata sifa hiyo, na hapa yatupasa kwenda mbali kidogo, kwa kuwa njia iliyojulikana zaidi duniani ilianzia Marekani. Katika miaka ya karibu na 1980 hospitali za nchi ile zilikuwa na shida kubwa ya upungufu wa wauguzi. Walikuja, wakafanya kazi kidogo, wakaondoka. Watu wengi waliuliza, Kwa nini wanaondoka? Lakini Akademia ya Uuguzi ya Marekani iligeuza swali. Ilitafuta hospitali ambazo hata katika shida ile wauguzi walizipenda na kukaa, ikauliza, Kwa nini hawa wamebaki? Habari zake zilitolewa mwaka 1983. Hospitali 41 zilichaguliwa, zikaitwa hospitali za sumaku, kwa sababu zilivuta wauguzi na kuwashika.

Na ni kitu gani kilichoonekana ndani yake? Si majengo makubwa, wala si mitambo ya thamani. Kwanza, wauguzi walikuwa wa kutosha kwa hesabu ya wagonjwa. Pili, mkuu wa wauguzi aliketi katika baraza la wakubwa wa hospitali, na neno lake lilikuwa na uzito. Tatu, mwuguzi aliruhusiwa kutumia akili yake katika kazi aliyofundishwa, wala hakufanywa kama mtumishi wa kubeba sinia tu. Nne, daktari na mwuguzi waliheshimiana kama watu wa kazi moja. Tano, wauguzi waliendelea kufundishwa, na ratiba za zamu zilitengenezwa kwa kukumbuka ya kuwa nao wana nyumba na watoto. Hayo ndiyo yaliyovuta. Kwa njia hiyo ilijulikana ya kuwa uuguzi bora hauanzi kwa mgonjwa peke yake. Waanza kwa jinsi mwenye kuuguza anavyotendewa.

Baadaye chombo cha wauguzi wa nchi ile kilitengeneza utaratibu wa kupima hospitali kwa mambo hayo, nao ukaitwa Magnet, maana yake sumaku. Wa kwanza kupewa heshima hiyo ni hospitali ya Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa Seattle, mwaka 1994. Hospitali itakayo huandika habari za kazi yake pamoja na ushahidi. Hutoa hesabu za wagonjwa walioanguka wodini, na waliopata vidonda kwa kulala bila kugeuzwa, na walioambukizwa maradhi mapya humo hospitalini. Wauguzi huulizwa wanavyoiona kazi yao, na wagonjwa huulizwa walivyotunzwa. Kisha wapimaji hufika wenyewe, husema na wauguzi katika mahali pao pa kazi. Tena watu wa mji hutangaziwa, ili mwenye neno la kusifu au la kulaumu apate kuwapelekea. Na heshima hiyo hutolewa kwa miaka 4 tu. Miaka ikiisha, hospitali hurudi kupimwa upya. Isipotimiza, huondolewa jina.

Labda mtu atasema, Haya ni mambo ya karatasi. Lakini mwaka 1994 Bibi Linda Aiken na wenzake walilinganisha 39 katika zile hospitali za sumaku na nyingine 195 zilizofanana nazo kwa mambo mengine. Wakaona ya kuwa vifo vya wazee waliolazwa vilikuwa vichache zaidi katika zile za sumaku, kwa kadiri ya watu 5 hivi katika kila 1,000. Na mwaka 2002 walitoa habari za hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa mwuguzi, hatari ya waliopasuliwa kufa kabla ya siku 30 kupita iliongezeka kwa kadiri ya 7 katika 100. Basi ndugu, tunaposema juu ya sifa ya uuguzi hatusemi juu ya pambo. Twasema juu ya mama atakayerudi nyumbani na mama asiyerudi.

Wengine watajibu, Hayo ni ya matajiri; hospitali zetu zitapata wapi fedha za kupimwa hivyo? Ni kweli, utaratibu ule wa Marekani una gharama kubwa, na hata huko kwao waliofika ni wachache, karibu hospitali moja katika kumi. Katika Afrika ya Mashariki ziko zilizofuata njia za kimataifa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilipata mwaka 2013 ithibati ya JCI, ambayo hupima hospitali nzima na usalama wa wagonjwa. Lakini nchi yetu nayo ina njia zake, na mwanzo wake haukuhitaji dhahabu.

Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kufuata utaratibu wa Kijapani wa mambo matano, ambayo kwa Kiswahili yaliitwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Yaani, ondoa kisichotumika, weka kila kitu mahali pake, safisha, fanya utaratibu uwe mmoja kwa wote, kisha shikilia, usiache. Mtu aweza kucheka akidhani ni mambo ya kupanga kabati. Asicheke. Mama akitokwa na damu baada ya kuzaa, mkunga anayejua mahali dawa ilipo bila kuwasha taa ya pili humwokoa. Naye anayefungua masanduku matatu akitafuta humpoteza. Utaratibu ule ulienea toka Mbeya hata hospitali nyingine nyingi za nchi. Tena tangu mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuzipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa nyota, toka sifuri hata tano. Mara ya kwanza karibu theluthi moja ya vituo vilivyopimwa havikupata hata nyota moja. Ilikuwa aibu, lakini aibu yenye faida, maana kila kituo kilipewa kujua upungufu wake. Na vilipopimwa mara ya pili, katika mwaka wa 2017 na 2018, vilivyobaki na sifuri vilikuwa vichache sana.

Basi tumeona jinsi sifa ipatikanavyo. Lakini kuipata si kuitunza, na hapa twaikumbuka methali nyingine, ambayo sisi watu wa pwani, tuishio chini ya minazi, twaijua sana: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii haisemi ya kuwa mgema alikuwa mwongo tangu mwanzo. Tembo lake lilikuwa zuri kweli, ndiyo sababu alisifiwa. Kosa lake ni kudhani ya kuwa sifa ni mali aliyokwisha kuipata, ambayo aweza kuitumia polepole. Kumbe sifa ile ilikuwa ya tembo la jana, na wanywaji wa leo hawajaonja.

Hospitali nazo hutiwa jaribu lilo hilo. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, hospitali za mji ule zilipata heshima ya sumaku mwaka 2002, nazo zilikuwa za kwanza nje ya Marekani. Lakini ziliunganishwa na hospitali nyingine chini ya uongozi mpya, na heshima ile haikudumu. Wauguzi hawakusahau kazi yao kwa siku moja. Ila nyumba iliyowashika iligeuzwa, na baraza lililosikiliza neno lao likawa jingine. Hapa twajifunza ya kuwa sifa ya uuguzi haikai ndani ya wauguzi peke yao, hata wawe hodari namna gani. Yakaa katika mapatano kati yao na wakubwa wao. Mapatano yakivunjwa, sifa huondoka kimyakimya, na cheti hubaki ukutani kama ganda la nazi iliyokunwa.

Na liko jaribu jingine, ambalo ni baya zaidi. Katika kuwazuru wagonjwa tumepata kuona katika hospitali moja, ambayo hatutaitaja jina, mashuka mapya yakitandikwa asubuhi kwa kuwa wageni wa ukaguzi walikuwa njiani, na jioni, wageni walipokwisha kwenda, mashuka yakaondolewa na kufungiwa stoo. Mzee mmoja aliyelala pale alituambia kwa upole, Leo tulikuwa wagonjwa wa maana. Ndugu, neno hili ni zito kuliko ripoti. Maana mashuka yalikuwako. Hayakukosekana kwa umaskini. Yalitolewa kwa ajili ya macho ya mkaguzi, yakanyimwa mwili wa mgonjwa. Hospitali itafutayo sifa kwa njia hiyo yafanya ubaya mara mbili: yamnyima mgonjwa haki yake, kisha yamtumia yeye yule kuwa pambo la kuwadanganyia wengine.

Sasa yatupasa kusema neno kwa upande wetu wenyewe, kwa kuwa makanisa yetu yana hospitali, kama ile ya Bumbuli katika Usambara, na wengi wenu ni wajumbe wa mabaraza yake. Yako mawazo mawili yaliyozoeleka kati yetu, ambayo yafaa yachunguzwe. Wazo la kwanza ni hili: hospitali ni ya Kanisa, basi uuguzi wake ni mwema. Jina la Kanisa ni ahadi; si ushahidi kwamba ahadi imetimizwa. Aliyeahidi zaidi hudaiwa zaidi. Kwa hiyo nyumba zetu zingestahili kuwa za kwanza kuwaita wapimaji, wala si za mwisho.

Wazo la pili ni kwamba uuguzi ni wito, kwa hiyo mwuguzi asinung'unike. Nasi twakiri ya kuwa ni wito. Anayeosha kidonda kinachonuka kwa ajili ya mshahara tu hatakiosha vema kwa miaka 30. Lakini wito si kisingizio cha mwajiri. Wale akina dada wa Kaiserswerth hawakupewa mshahara kama watu wengine, walakini nyumba yao iliwalisha, iliwavika, na kuwatunza walipougua na walipozeeka. Waliitwa, tena walibebwa. Kumwita mtu kisha kumwacha peke yake usiku kucha na wodi nzima, na mshahara wake wa mwezi wa pili haujalipwa, si kumheshimu mwenye wito. Ni kuutumia wema wake kama kuni. Kuni huwaka vizuri, kisha zaisha.

Hapo ndipo twaona tofauti ya heshima ya mtu mmoja na heshima ya nyumba. Mwaka 2022 mwuguzi wa Marsabit katika Kenya, Bibi Anna Qabale Duba, alipewa huko Dubai tuzo ya Aster Guardians, iliyotolewa kwa mwuguzi mmoja kati ya wengi wa dunia, nasi twafurahi naye. Kila hospitali ina mtu wa namna hiyo, ajulikanaye na wagonjwa kwa jina. Lakini yeye akienda likizo, je? Hospitali inayojivunia mwuguzi mmoja yakiri ya kuwa wengine hawakupewa njia ya kuwa kama yeye. Sifa ya nyumba ni hii: mgonjwa asiyejulikana na mtu, akiletwa usiku wa Jumapili, aliye zamu awe nani, atauguzwa sawasawa na mkubwa aliyeletwa mchana wa Jumatatu.

Basi swali la wazee wetu twalijibu hivi. Ni haki hospitali kutafuta sifa ya uuguzi, ikiwa yaitafuta kwa kupimwa kweli, na ikiwa yaipokea kama amana. Mali mtu aweza kuila. Amana hana ruhusa. Cheti si malipo ya kazi iliyokwisha, bali ni deni kwa mgonjwa ambaye bado hajafika mlangoni. Na deni hilo halilipwi na wauguzi peke yao. Msimamizi hulilipa anapopanga watu wa kutosha katika zamu. Daktari hulilipa anapomsikiliza mwuguzi amwambiapo, Huyu hali yake yabadilika. Baraza hulilipa linapokumbuka mishahara kabla ya kukumbuka rangi ya ukuta.

Na sisi tusio wauguzi tufanye nini? Enyi wainjilisti mnaozuru wagonjwa, msitoke wodini mkiwa mmesali tu. Muulizeni mgonjwa kama aligeuzwa usiku. Muulizeni mwuguzi, si kwa kumpeleleza bali kwa upendo, Uko na wangapi leo? Na mlio wajumbe wa mabaraza, katika mkutano ujao msianze kwa kuuliza ni wauguzi wangapi walioondoka mwaka huu. Ulizeni waliobaki, Ni kitu gani kilichowafanya mkae? Jibu lao liandikwe katika kitabu cha mkutano, na mkutano wa baadaye ulisome tena, uone kama kitu hicho kingaliko. Ikiwa hakiko, basi maji yamekwisha kutiwa katika tembo, hata kama wanywaji hawajalalamika.